Sentensi Pungufu na Sentensi Zilizogandana: Namna ya Kuzikamata na Kuzirekebisha Katika Kiingereza

"Anakuja." Hiyo ni sentensi kamili ya Kiswahili, tena ya neno moja. Ndani yake mna anayetenda, mna wakati, mna tendo lenyewe. Kiingereza hakina ujanja huo. Ukiandika "Coming" hujasema kitu. Ukiandika "Is coming" bado msomaji anakungoja umtaje mtu. Lazima useme "She is coming" au "He is coming" ndipo nukta ikubalike.

Sasa geuza upande wa pili. "Alifika, akaketi, akafungua kitabu, akaanza kusoma." Kwa Kiswahili, koma zinatosha kabisa, kwa sababu kiambishi -ka- kinashikilia matendo yote kama uzi kwenye shanga. Ihamishe jinsi ilivyo, "He arrived, he sat down, he opened the book, he started reading", na mwalimu wa Kiingereza atachora duara kwenye koma karibu zote.

Nayasema haya mwanzoni kwa sababu niliteseka na makosa haya kwa miaka nikidhani ni uzembe. Insha zilirudi zimejaa vifupisho pembeni: "Frag" hapa, "RO" pale, "CS" kila mahali. "Frag" ni sentensi pungufu, yaani kipande kilichowekewa nukta kabla hakijawa sentensi. "RO" ("run-on") ni sentensi mbili zilizogandana bila alama yoyote katikati. "CS" ni hizo hizo mbili, ila katikati pamewekwa koma peke yake, nayo haiwezi mzigo huo. Nilikariri kanuni zake zote bila kupona. Nilianza kupona nilipoona kwamba mengi ya makosa yangu ni Kiswahili kinachovuja kupitia Kiingereza, na kwamba kinavuja mahali pale pale kila siku.

Kwanza, tafuta kitenzi chenye wakati

Usianze na maana. Maana hudanganya, kwa kuwa wewe mwandishi tayari unajua ulichokusudia. Anza na kitenzi.

Chukua sentensi unayoitilia shaka, uiwekee "yesterday" mwanzoni, kisha uitoe na kuweka "every day". Neno linalolazimika kubadilika ndilo kitenzi chenye wakati. "The children play outside" ikikutana na "yesterday" inakuwa "played". Kuna kitenzi hapo. Lakini "The children playing outside" haitikisiki: jana "playing", kila siku "playing". Kwa hiyo hicho ni kipande. Umbo la "-ing" likisimama peke yake si kitenzi chenye wakati, hata likionekana lina nguvu kiasi gani. Linahitaji kitenzi kama "am", "is", "are", "was" au "were" kulitangulia. Vitenzi visaidizi kama "can", "must" na "should" vihesabu kuwa na wakati, ingawa "must" na "should" havibadiliki kwenye jaribio hili.

Yako maeneo mawili ambapo Mswahili huteleza hasa. Eneo la kwanza ni pale ambapo Kiswahili hakidai kitenzi. "Kitabu hiki kizuri" mtu akikuambia umemwelewa, hakuna kilichopungua. "This book good" imepungua "is". Kosa hili huongezeka sentensi inapokuwa ndefu, kwa sababu maneno mengi katikati yanaficha pengo: "The results of the second test much better than the first". Soma tena. Kitenzi kiko wapi? Hakipo.

Eneo la pili ni gumu zaidi. "The letter sent yesterday" ina neno "sent", linalofanana na wakati uliopita. Lakini jiulize: je, barua ndiyo iliyotuma? Hapana, barua ilitumwa. Basi "sent" hapo inaeleza barua, kama tunavyosema "barua iliyotumwa jana", na msomaji anangoja aambiwe imefanyaje. "The letter was sent yesterday" imekamilika. "The letter sent yesterday has not arrived" nayo imekamilika, kwa sababu kitenzi kikuu ni "has not arrived".

Kisha, mtafute mwenye kitenzi

Kiswahili kinamficha kiima ndani ya kitenzi, na wakati mwingine hakina haja naye kabisa. "Ni muhimu kusoma maelekezo" huzaa "Is important to read the instructions". "Inanyesha" huzaa "Is raining". Kiingereza hutaka kiti cha kiima kikaliwe hata na mtu asiye na kazi, ndiyo maana kuna ile "it" isiyorejelea chochote: "It is important to read the instructions", "It is raining". "Kuna" nayo haianzi na "is", huanza na "there": "There are two reasons".

Amri tu ndiyo inayosamehewa. "Stop" ni sentensi kamili, na "Read the question twice" vilevile, kwa kuwa anayeambiwa anajulikana.

Halafu, angalia neno la kwanza

Hapa ndipo wengi huanguka, nami nitakaa kidogo.

"The bus was late" ni sentensi. Ongeza neno moja mbele: "Because the bus was late". Imekuwa ndefu zaidi, na imeacha kuwa sentensi. Kiima kipo, kitenzi kipo, ila neno "because" limeahidi kitu ambacho hakijatolewa. Katika mazungumzo hakuna tatizo: mtu anauliza "Why?" nawe unajibu. Kwenye maandishi rasmi, kishazi cha namna hii ni tegemezi, na lazima kiegemee sentensi nyingine iliyo ndani ya nukta hiyo hiyo.

Maneno yanayofanya hivyo si mengi. Yaandike mahali utakapoyaona: because, although, when, while, if, unless, until, since, after, before, whereas. Ongeza na virejeshi: which, who, that, whose, where.

Wengi tulifundishwa kwamba sentensi haianzi na "because". Si kweli, na katazo hilo limeharibu sentensi nyingi nzuri. "Because the bus was late, we missed the first hour" haina dosari. Tatizo linakuja unapoweka nukta baada ya "late".

Jihadhari pia na "although". Kwa Kiswahili tunasema "Ingawa mtihani ulikuwa mgumu, lakini wote walifaulu", na sikio halikatai. Kwa Kiingereza, "Although the test was hard, but everyone passed" ina viunganishi viwili vinavyogombea kazi moja. Toa kimoja, chochote kile.

"Which" ina tabia yake. Mtu anamaliza sentensi, anaweka nukta, kisha anakumbuka jambo: "The manager cancelled the meeting. Which surprised everyone." Sentensi ya pili haina mwenyewe. Rudisha koma, "The manager cancelled the meeting, which surprised everyone", au badilisha neno lenyewe, "This surprised everyone".

Vipo na vimkia: "such as", "for example", "especially", "including", na vile vinavyoanza na "to" kama "To finish the report on time". Hivi mara nyingi ni sehemu ya sentensi iliyotangulia iliyokatwa na nukta ya haraka. Vitoe nukta, viunge, endelea na safari.

Ukishindwa kuamua, tumia jaribio hili: tanguliza "I believe that" kwenye kile ulichoandika. "I believe that the bus was late" inakubali. "I believe that because the bus was late", halafu kimya, inakuacha unaning'inia. "I believe that which surprised everyone" ni vurugu tupu. Jaribio hili halifai kwa maswali na amri. Kwa sentensi nyingine zote, mimi hulitegemea kuliko kanuni yoyote.

Dawa ya sentensi pungufu ziko mbili tu: iunge na jirani yake, au ikamilishe ijitegemee. Uchaguzi wangu ni huu: kama kipande kinafafanua kilichokwisha kusemwa, nakiunga, kama kinaleta jambo jipya, nakipa kiima na kitenzi chake.

Sentensi zilizogandana: urefu si kosa

Lazima kwanza tuondoe dhana moja. Watu wengi wakiambiwa sentensi yao ni "run-on" wanadhani wameambiwa ni ndefu, basi wanaikata vipande vipande na kuzalisha sentensi pungufu tatu. Urefu hauhusiki. "I knocked nobody answered" ina maneno manne nayo imegandana. Sentensi ya maneno sitini inaweza kuwa safi kama imeunganishwa sawasawa.

Kinachohesabiwa ni vishazi huru, yaani sehemu ambazo kila moja ingeweza kusimama peke yake. Hesabu yake ni rahisi: vishazi huru viwili vinahitaji kiungo kimoja halali katikati, vitatu vinahitaji viwili. Koma peke yake haihesabiwi kuwa kiungo.

Njia nzuri ya kuvigundua ni kuweka kile kiswali kifupi cha mwisho. Chukua "The road was wet, the driver slowed down". Barabara: "wasn't it?" Dereva: "didn't he?" Viswali viwili tofauti, kila kimoja na kiima chake, maana yake sentensi ni mbili. Sasa "Because the road was wet, the driver slowed down" inakubali kimoja tu, "didn't he?", kwa hiyo ni sentensi moja.

Tuitibu sentensi hiyo hiyo kwa njia zote ili uone zinavyotofautiana.

"The road was wet. The driver slowed down." Nukta. Haikosei kamwe, ila ukiitumia kila mahali maandishi yanakuwa ya kudundadunda.

"The road was wet; the driver slowed down." Nuktamkato. Inasema: haya mawili yana undugu, utambue mwenyewe. Alama hii ilianza kuonekana kwenye vitabu vya mchapishaji Aldus Manutius wa Venice katika miaka ya 1490, na mpaka leo kuna waandishi wanaoiogopa. Hakuna cha kuogopa: pande zote mbili ziwe sentensi kamili, basi.

"The road was wet, so the driver slowed down." Koma pamoja na kiunganishi. Viunganishi vinavyoruhusiwa hapa ni saba tu: for, and, nor, but, or, yet, so. Wanafunzi hukumbuka herufi za mwanzo, FANBOYS.

"Because the road was wet, the driver slowed down." Upande mmoja umefanywa tegemezi. Kikitangulia kishazi tegemezi, weka koma, kikifuata nyuma, kwa kawaida haihitajiki: "The driver slowed down because the road was wet."

"The driver slowed down on the wet road." Hii haitajwi sana, nami naipenda kuliko zote. Kishazi kizima kimebanwa kikawa maneno machache, na tatizo limekwisha bila kuongeza hata alama moja.

"However" na ukoo wake

Kama utachukua jambo moja tu kwenye sehemu hii, chukua hili. "However", "therefore", "then", "also", "instead", "otherwise", "moreover" na "nevertheless" si viunganishi. Vinafanana na viunganishi kwa maana, kwa sababu "however" tunaitafsiri "hata hivyo" au hata "lakini". Kisarufi ni vielezi, na kielezi hakiungi sentensi.

Ushahidi wake ni kwamba vinahamahama. "It failed, however" inawezekana. "However, it failed" inawezekana. Jaribu kuhamisha "but" namna hiyo kwenye maandishi rasmi: "It failed, but". Haiendi. "But" imefungwa mahali pake kati ya sentensi mbili, na ndiyo maana inaweza kuziunganisha.

Kwa hiyo "The plan was cheap, however it failed" ina kosa. Sahihi ni "The plan was cheap; however, it failed" au "The plan was cheap. However, it failed" au, kwa urahisi, "The plan was cheap, but it failed".

"Then" ndiyo hatari kwetu, kwa sababu "kisha" na "halafu" huunga bila shida. "She checked the figures, then she signed the form" inapita katika mazungumzo, lakini msahihishaji mkali ataikamata. Andika "She checked the figures and then signed the form". Umeona kilichotokea? "She" ya pili imeondoka, na koma imeondoka nayo.

Dawa ya -ka-

Hiyo "she" iliyoondoka ndiyo siri ya kutafsiri masimulizi. Kwa Kiswahili kila kitenzi lazima kibebe kiambishi cha mtendaji: alifika, akaketi, akafungua. Tukiingia Kiingereza tunaendelea kumrudia: he arrived, he sat, he opened. Kila "he" mpya inazalisha kishazi huru kipya, na kila kishazi huru kipya kinadai kiungo. Mtaje mtendaji mara moja tu: "He arrived, sat down, opened the book and started reading." Sasa ni sentensi moja yenye kiima kimoja na orodha ya matendo, na koma zimerudi kuwa halali.

Utaniuliza kuhusu maneno maarufu ya Julius Caesar, "I came, I saw, I conquered". Ndiyo, kwa kanuni hizi koma zake ni makosa, na hakuna anayezisahihisha. Vishazi vifupi sana vyenye umbo moja husamehewa. Ila kwenye barua ya kuomba kazi, usijipime na Caesar.

Usirekebishe kisichovunjika

Mtu akishajua kuhesabu vishazi huanza kuona makosa hata pasipo na makosa. "She said she was tired" ina viima viwili na vitenzi viwili, nayo ni sahihi. Kuna "that" iliyomezwa katikati, "She said that she was tired". "The man we met has left" vilevile. Kabla hujaweka nukta, jaribu kurudisha "that" au "whom". Likikaa vizuri, acha sentensi ilivyo.

Na si kila sentensi pungufu ni ya kufutwa. Vichwa vya habari, vitu vilivyoorodheshwa, majibu ya mazungumzo na hadithi hutumia vipande kwa makusudi. Insha ya mtihani na barua rasmi havina ruhusa hiyo.

Tuifanyie kazi barua nzima

Hii hapa, ina makosa ya kila aina:

"I am writing about the training course. Which started last week. The first lesson was useful, the second lesson was cancelled nobody told us. Because the teacher was sick. I would like to know the new date, also I need the notes from the first lesson. Hoping to hear from you soon."

"Which started last week" tunaiunga na sentensi iliyotangulia. Sentensi ya tatu ina vishazi huru vitatu na haina kiungo halali hata kimoja: koma baada ya "useful", kisha hakuna chochote kabla ya "nobody". Tunahitaji viungo viwili.

Sasa tazama vizuri "Because the teacher was sick". Kishawishi ni kuiunga pale pale ilipo. Ukifanya hivyo utapata "nobody told us because the teacher was sick", yaani hatukuambiwa kwa sababu mwalimu aliumwa. Mwandishi hakukusudia hivyo. Ugonjwa ndio uliofuta somo. Kishazi kinapaswa kurudi nyuma, karibu na "cancelled". Hakuna kanuni ya alama itakayokuonyesha hili. Ni lazima ujiulize kipande hiki ni cha nani.

"Also" imejifanya kiunganishi, tuishushe. "Hoping" haina mtu wala wakati, tuipe.

"I am writing about the training course, which started last week. The first lesson was useful. The second was cancelled because the teacher was sick, but nobody told us. I would like to know the new date. I also need the notes from the first lesson. I hope to hear from you soon."

Namna ya kupitia kazi yako mwenyewe

Programu za kusahihisha sarufi zinasaidia, na mstari wa rangi chini ya maneno usiupuuze. Lakini hazijui kipande ni cha nani, kama tulivyoona kwa mwalimu mgonjwa, na mara nyingine hupigia mstari sentensi zisizo na kosa. Ichukue alama yake kuwa swali.

Mimi husoma kutoka chini kwenda juu: sentensi ya mwisho kwanza, kisha ya kabla yake, hadi mwanzo. Ukisoma kwa mtiririko wa kawaida, sentensi iliyotangulia humkopesha maana yule pungufu, nawe unampita bila kumwona. Ukisoma kinyumenyume, "Which started last week" inakujia ikiwa peke yake na haina pa kujificha.

Halafu kwenye kompyuta fungua sehemu ya kutafuta maneno, uandike koma, nafasi, kisha "it". Kila itakapotokea, soma pande zote mbili za koma. Rudia kwa "they", "he", "she", "this", "then", "however" na "also". Baadaye andika nukta, nafasi, kisha "Which", na "Because", na "Such". Kwa kazi ya kurasa mbili hilo ni suala la dakika chache, na baada ya kazi tatu au nne utakuwa umeshajua ni maneno mawili gani hasa yanayokuangusha wewe. Langu lilikuwa ", it". Bado nalitafuta hadi leo kabla ya kutuma chochote.